Ng'ombe Aliyekula Paa la Kibanda Chetu

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu wa Kakoba, hapa Mbarara! Nawasalimu wote, na nyinyi wake wa askari mliokuja kutoka kambini nawaona pale. Mimi ni Mama Sifa. Nimetoka Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, asubuhi hii, na vumbi hili mnaloliona kwenye kitenge changu ni la huko, mnisamehe.

Majirani wanatutania, wanatuita Wayahudi wa Nakivale. Sisi si Wayahudi. Ni Wakristo wa Kongo, wengi wetu wa Kivu ya Kusini, wakulima na wachuuzi, ila kanisa letu linashika sikukuu za Biblia. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, wenzetu wanapanda maharage. Sisi tunapanda na tunasherehekea. Siku ya Baragumu tunapuliza pembe ya ng'ombe. Biblia ingependa ya kondoo dume, lakini wilaya yetu ya Isingiro ni nchi ya ng'ombe, na Mungu anajua. Siku ya Upatanisho tunafunga. Halafu inakuja Sikukuu ya Vibanda. Tunajenga vibanda vya matawi na majani ya migomba kando ya mashamba, tunakula na kusali humo siku saba, tukikumbuka kwamba Mungu aliwakalisha Waisraeli katika vibanda alipowatoa Misri.

Pembe niliipenda. Kufunga nilifunga. Lakini kibandani, ndugu zangu, sikuingia hata mara moja.

Vita ilipotufukuza kwetu Fizi, huko Kongo, tulijificha msituni, chini ya majani. Kila majani yalipochakarika tulibana pumzi, maana hatukujua anayekuja ni nani. Mtoto wangu Amani alishikwa na homa mule, akafia mapajani pangu, na sikuweza hata kumlilia kwa sauti. Nalisema hili leo bila kujificha. Liliniuma, na linaniuma bado.

Tulifika Uganda. Tulikaa chini ya hema, baadaye tukapata nyumba ya udongo yenye mabati. Lakini woga nao ulivuka mpaka pamoja nami, tena bila kuandikishwa. Mahindi yakinipita kiuno, nilikuwa siingii tena shambani. Nilikuwa nalima, napanda, napalilia, halafu wanavuna tumbili. Mume wangu alikuwa hapa Mbarara kwenye kazi za ujenzi, na sisi nyumbani tulikula kwa huruma ya majirani. Mchungaji wetu alinibembeleza niingie kibandani. Nilimjibu kwamba sikukuu ya kukumbuka ni ya watu waliosahau, na mimi sijasahau.

Basi mwaka mmoja watoto wote wamekwenda vibandani, namwona binti yangu Sifa amebaki mlangoni. Nikamwambia nenda, wenzako wanaimba.

"Miye pia siwezi ingia mule," akasema. "Kama weye unaogopa, mama, iko kitu mule ndani."

Sifa alizaliwa Nakivale. Msitu wa Fizi hakuuona. Ndipo nilipojua kwamba woga wangu umezaa, na kama sitauzuia utamlea mtoto wangu badala yangu. Niliomba pale pale, maneno machache tu: Bwana, mimi unaweza kuniacha hivi, lakini huyu usimwache. Nikamshika mkono, tukaenda.

Ilikuwa mchana, watu wamejaa, chakula kimeiva. Niliingia nikakaa karibu na mlango, jasho linanitiririka. Mchungaji akaanza kusali. Mara majani ya nyuma yangu yakachakarika. Nikasikia hatua. Nikasikia kitu kinahema kwa nguvu. Nikamfunika Sifa kwa mwili wangu kama nilivyomfunika kaka yake. Ukuta ukapasuka, kikaingia kichwa cha ng'ombe, pembe ndefu, anatafuna jani la mgomba. Akatutazama. Akainua shingo, akavuta paa letu, akaendelea kula.

Sifa akacheka. Kisha nikasikia mtu mwingine anacheka kwa sauti kubwa, na nilipoangalia vizuri, ni mimi. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na safari hii nililia kwa sauti, Amani wangu nikamlilia mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Mchungaji wa ng'ombe alifika mbio kutoka upande wa Endiinzi, fimbo mkononi, aibu imemjaa.

"Nyabo, mama, nisamehe. Hii ng'ombe yangu hapana adabu," akasema. Tukamkaribisha akae ale. Alitazama lile tundu, akatutazama sisi. "Nyinyi iko na nyumba ya mabati. Kwa nini nakaa kwa majani?"

Watu walimtazama mchungaji wetu ili ajibu. Nikajibu mimi.

"Sebo, mzee wangu, siye tulilalaka mu majani wakati ya vita. Mutoto wangu alifiaka mule. Leo tunakaa mu majani juu ya kukumbuka kama Mungu alikuwa na siye mule mule."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, ndugu zangu, niliyaamini. Miaka yote nilidhani Mungu alitungoja upande huu wa mpaka. Kumbe alikuwa amekaa nasi pale chini, na Amani hakufia mikononi mwangu peke yangu. Yule mchungaji wa ng'ombe alivua kofia. Kesho yake alituletea majani mapya ya migomba na maziwa.

Msimu ule nilivuna mahindi mimi na Sifa, yeye mbele anaimba, mimi nyuma. Woga ukija siku hizi, unanikuta nina kazi. Namshukuru Yesu, aliyenifungua mchana kweupe, watu wakiona!

Sikukuu ya Vibanda imekaribia tena. Karibuni Nakivale, chakula kipo. Na wewe ambaye umenisikiliza huku ukijua kwamba wewe huwezi kuingia, usione haya. Njoo hivyo hivyo. Nitatoa kiti changu nje, nitakaa na wewe huko huko nje mpaka sikukuu iishe, maana Mungu ninayemjua mimi hangoji mtu aingie ndipo amkaribie.