Mama Atupele na Ukurasa wa "Amefika Wapi"

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi. Fausta Nzunda, Msimamizi wa Safari za malori katika ofisi yetu ya Tunduma, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ni wachache wanaomwita kwa jina hilo. Kwa madereva, kwa mawakala wa forodha, hata kwa wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yeye ni Mama Atupele, na ukimuulizia kwa jina jingine utapoteza muda.

Alizaliwa Iyula, akasoma Mbozi Mission, akaajiriwa hapa mwaka 1993 kama mpiga chapa. Enzi hizo malori yalikuwa machache kiasi kwamba alimtambua kila dereva kwa sauti. Mmoja wao, Clement Haonga, alikuwa na tabia ya kurudi dirishani kuuliza jambo alilokwishajibiwa. Wakafunga ndoa, wakampata Atupele.

Clement alikuwa akipeleka mizigo Kongo. Mwaka 2011 aliugua ghafla safarini, akafariki katika hospitali ya mbali huko Zambia, na habari zilichukua karibu wiki nzima kufika Tunduma. Mama Atupele hapendi kulizungumzia jambo hilo. Aliwahi kumwambia mwandishi wa wasifu huu mara moja tu: "Leah, kifo ni kifo. Kinachoniuma ni kwamba siku zote zile nilikuwa nacheka."

Tangu hapo hakuweza kumjibu mke wa dereva kwa mkato. Wake hao walikuja kaunta kila siku kuuliza waume zao wamefika wapi, naye alipiga simu moja baada ya nyingine mpaka apate jibu. Tulijaribu kundi la WhatsApp, likazama kwenye matangazo ya kicheni pati na video za vichekesho. Ndipo mwaka 2018, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alipomfuata Lusubilo Kibona, fundi wetu wa kompyuta, akamwomba amfundishe kutengeneza ukurasa wa mtandaoni.

Lusubilo alianza kumweleza habari za mifumo mikubwa yenye kila kitu ndani. Mama Atupele akamkatiza: "Baba, mimi sijengi benki. Nataka mtu afungue simu, aone mumewe yuko wapi, basi." Lusubilo akacheka, akamwekea Flask, mfumo mwepesi wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, ambao mtu huanza nao kwa faili moja yenye mistari michache, mengine akayaongeza kadiri anavyoyahitaji. Mchana uleule kompyuta yake ikaonyesha maneno "Karibuni nyumbani". Alituita wote tukaone, hata mlinzi wa getini.

Furaha ile haikudumu. Python haisamehe nafasi iliyokosewa mwanzoni mwa mstari, na tulizoea kumsikia akiigombeza skrini kama anayemwelekeza dereva: "Wewe, umepaki vibaya, sogea ndani kidogo!" Polepole ukurasa ukasimama. Dereva anafungua anwani yake, anabonyeza jina la mji aliofika. Familia inafungua nyingine na kusoma. Akauita "Amefika Wapi".

Wakati wa kuujaribu alihitaji jina la dereva wa kubuni. Aliandika Clement. Akampitisha miji ya Zambia, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, kisha akamrudisha: "Clement amefika Tunduma." Siku ya kuufungua ukurasa kwa watu, Lusubilo alikuja kufuta taarifa za majaribio. "Niachie hadi jioni," Mama Atupele akamwambia. Alikaa mbele ya ile skrini, mikono mapajani, chai yake ikapoa. Jioni ilipofika, alifuta mwenyewe.

Jambo moja aliling'ang'ania: dereva akinyamaza siku nzima, jina lake ligeuke jekundu. Madereva walilalamika kwamba wanachungwa kama ng'ombe. Mwaka 2021 likageuka jina la Timotheo Simbeye. Mkewe, Rozi, alikuwa mlangoni hata kabla hatujafungua ofisi. Simu ya Timotheo haikupatikana. Mama Atupele alimkalisha Rozi kwenye kiti chake mwenyewe, akaanza kuwapigia madereva wote waliokuwa nyuma ya Timotheo barabarani. Mmoja wao, Efraimu, akalikuta lori limeegeshwa pembeni karibu na Serenje, huko Zambia, mwenzake amelala kabini, malaria imempanda kichwani, hajitambui. Akamkimbiza hospitali.

Simu ilipolia, sote tulisimama. "Mama, anapumua. Tupo kwa daktari," alisema Efraimu. Rozi aliangua kilio. Mama Atupele alimshika bega, kisha akatoka nje, akaenda nyuma ya jengo, na hakurudi upesi. Tulijua analia, na tulijua analilia nani. Timotheo yuko barabarani hadi leo, na malalamiko juu ya rangi nyekundu yaliishia hapo.

Ukurasa sasa utatunzwa na Goodness Silwimba, ambaye amefundishwa na Mama Atupele mwenyewe. Kazi haitasimama. Lakini asubuhi tayari tunajikuta tukikiangalia kile kiti cha dirishani, na yeye bado hata hajaondoka.

Anakwenda Iyula kwa mama yake, Bibi Ketrina, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, anayeishi katikati ya mibuni. Kwa miaka mingi bibi huyo alimaliza kila simu kwa swali lilelile: "Unakuja lini?" Na binti yake, huku honi za malori zikipigwa nje, alijibu: "Mwezi ujao, mama." Wiki iliyopita tulimsikia akimtajia tarehe, akamwambia kwamba safari hii anakuja kukaa. Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya kizee, kubwa hata sisi tukaisikia: "Nikupikie nini?"

Ahsante, mama yetu. Nenda ukale, ukalale bila honi. Tunakutakia miaka mingi yenye mema ukiwa mtoto wa mtu tena.

Leah Siwale, kwa niaba ya wafanyakazi wote