Chupa za Korkor

Sogeeni, wanangu. Teye, acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa na dada yako Mamle, maana sauti iliyonibakia ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kuwaita. Mafundi wenzangu wa shanga nawasikia wakikohoa huko uani. Waacheni, nao wana lao hapa leo.

Tanuri na kiwanja chake nakuachia wewe, Mamle, kwa sababu mikono yako inaujua moto. Teye, wewe unaweza kuuza shanga soko la Agomanya hata siku ya mvua, basi uza, ila kwenye kinu usitie mkono bila kumwuliza dada yako. Kazi yetu mnaijua: chupa iliyotupwa inasagwa, unga unamiminwa kwenye kalibu ya udongo, kijiti cha jani la muhogo kinasimamishwa katikati kiungue kiache tundu, na shanga ikivunjika inarudi kinuni. Nyumba hii imejengwa kwa vitu walivyotupa watu. Hata mama yenu nilimposa kwa mkufu wa chupa za bia, akacheka mpaka akakubali.

Teye, nimesikia unataka kuleta magunia ya kioo kilichokwisha kusagwa kutoka Tema. Sikukasirikii, mwanangu. Mimi pia niliwahi kuyataka, na yaliyonipata hata mama yenu sikumwambia.

Mwaka ule tulipoagizwa mikufu elfu mbili ya kwenda ng'ambo, Korkor, ambaye alituletea chupa kabla ninyi hamjazaliwa, aliniomba miezi mitatu azikusanye na kuzitenga aina kwa aina, kwa mkono, kama kawaida yake. Nikaona ananichelewesha. Nikanunua magunia kama hayo ya Tema, nikayachanganya na unga wake nikiwa peke yangu. Shanga zilitoka tanurini zinang'aa hata nikajisifu. Wiki ya tatu zikaanza kupasuka shingoni mwa watu, mwanamke mmoja akakatwa, mzigo wote ukarudishwa. Mnunuzi akaja mpaka hapa, akaniuliza mbele ya mafundi kioo kile kilitoka wapi. Nikamjibu, "Ni chupa za Korkor."

Tangu siku hiyo hakuna fundi hapa Odumase aliyepokea tena chupa yake. Miaka miwili alikaa barabarani akichoma ndizi, mwanamke aliyeweza kukijua kioo kwa kukigonga kwa ukucha. Kisha siku moja akaja, akaniwekea shanga iliyopasuka kiganjani.

"Narh, hii si chupa peke yake," akaniambia. "Humu mna kioo cha dirisha. Vikipoa, kimoja kinasinyaa kuliko kingine, ndipo shanga hupasuka. Na wewe ulijua."

Baadaye nilimwomba arudi kazini, naye akarudi, nadhani akingoja siku nitakayosema. Wenzangu wakadhani namwonea huruma, nami nikawaacha wadhani hivyo. Miaka kumi na moja sasa.

Basi shikeni haya. Kioo msichojua kilikotoka kisiingie katika tanuri hii, hata mkipewa bure. Chupa mchukue kwa Korkor, na baada yake kwa binti yake. Akisema miezi mitatu, mwambieni mnunuzi miezi mitatu. Asiyeweza kungoja aende zake. Na theluthi ya mapato ya tanuri ni ya Korkor. Usinune, Teye. Ungemwona kule barabarani, ungempa nusu.

Nilikusudia mliseme hili siku ya mazishi yangu. Asubuhi hii nimeona huo nao ni uoga. Mamle, fungua dirisha. Teye, niinue... taratibu, mbavu hizo. Mwiteni Korkor, yuko jikoni ananipikia supu ya bamia, na anajua siwezi kuinywa.

Dada Korkor, kaa. Nipe mkono.

Enyi wenzangu huko uani, mnanisikia? Chupa za Korkor zilikuwa safi. Magunia yalikuwa yangu. Mwongo nilikuwa mimi.

Usilie, dada... Au lia. Ulinyamaza vya kutosha.

Wanangu, leteni maji niwanyunyizie. Mungu awape subira niliyoikosa. Awape... afya, na watu wa kucheka nao. Mkilala... msilale mmekasirikiana. Teye, Mamle, ninawapenda, nilichelewa tu kuwaambia.

Nilazeni sasa. Korkor asiondoke... Mkono wake, mwacheni anishike.