Kheri Aulizwe Tena

Mgeni rasmi, Wakili Twaiba, mjumbe wetu kwenye mkutano wa sheria za vita; wazee wetu, shikamooni; kina mama na nyote mliofika hapa Kinondo, assalamu alaikum.

KARIBU

Wengi huja kwetu kutazama bahari. Wewe umekuja kutusikiliza, nasi maswali tunayo.

TULIKOANZIA

Kikundi chetu kilianza alipokamatwa Kheri, mwanawe Bi Biasha, mpishi wa meli ya mizigo. Meli ilizuiliwa kwenye bandari ya nchi iliyo vitani, mabaharia wakahojiwa. Mkalimani, Kiswahili chake cha darasani, akamuuliza, "Wewe ni raia?" Kheri akajibu, "Hapana, mimi si raia, ni Mkenya." Alidhani anaulizwa kama ni mwananchi wa nchi ile, kumbe mkalimani alimaanisha mtu asiye mpiganaji. Wenziwe waliachiliwa, ndio waliotuletea habari. Yeye mpaka leo yuko na mateka wa vita.

TULIYOJIFUNZA

Tangu hapo tunaulizana: sheria hizi anaziandika nani? Tumeambiwa mikataba ya Geneva ya 1949 ilipoandikwa sisi tulikuwa chini ya mfalme wa Uingereza; nani angetuuliza? Nchi zilipopata uhuru zikabisha hodi, na mwaka 1977 vita vya kupinga ukoloni vikatambuliwa na sheria hizo. Mabomu ya kutegwa ardhini nayo yalipigwa marufuku baada ya waliokatika miguu kupiga kelele, ingawa wakubwa wengine hawajatia saini.

Mzee Thoya aliposikia akacheka: "Kumbe sheria nayo husukumwa kama gari bovu!"

Bi Mishi akamjibu, "Basi shuka usukume, we mzee, umekaa tu!"

Ndiyo maana tuko hapa.

YANAYOTUKWAZA

Bendera ya meli ni ya nchi hii, mwenye meli ni wa nchi ile. Tukiuliza, kila mmoja anamtazama mwenzake.

MAOMBI

Mkutanoni uwaulize: neno likiwa na maana mbili, aumie nani? Tunaomba maelezo ya Kiswahili ya sheria hizi yaseme wazi "mtu asiyepigana". Tulipomtaka Bi Biasha aongeze lake, alisema: "Mimi sheria sizijui. Mwanangu aulizwe tena. Aulizwe, 'Kheri, ulishika bunduki au mwiko?'"

Mola akufikishe salama, akupe ulimi mwepesi mbele ya wakubwa hao, na akurudishe kwetu na jibu.

Ni sisi,
Familia za Mabaharia wa Kinondo.