Umbo la Bi Mize

Jumanne ya tarehe 12 Machi 1974, wakubwa wa serikali walivichukua vitambaa vya Dija kutoka ukumbini Bagamoyo. Msanii huyu huwalaza wanawake juu ya kitambaa cheupe cha marekani, akawachora kwa mkaa kuzunguka mwili, kisha akavitundika vitambaa na kucheza katikati yake. Wiki iliyofuata nilikaa nyuma yake ndani ya basi. Kando yake alikaa Bi Mize, mmoja wa waliochorwa.

“Mwanangu, ulinilaza kwenye nguo ya sanda. Nirudishie niifue.”

“Wanayo wakubwa, mama. Nasikia wameitundika Dar. Naandika barua, hawajibu.”

“Kiuno changu wanakitakia nini?”

Dija alicheka kwa uchovu. Mke wangu alipougua, hao hao walituambia tungoje dawa, akafa tukingoja. Kiuno cha Bi Mize hawakukingojea.

Basi liliposimama Lugoba, Bi Mize aliuliza akishuka, “Nikifa leo, nani ataniteremsha ukutani kwao?”