Kwa Nini Kipriani Hupiga Hodi Chini ya Sinki

Hii habari wote mnaisimulia vibaya. Hasani wa stoo huwaambia vijana wapya kwamba Kipriani Likwata hupiga hodi chini ya sinki kwa sababu kule Ruangwa alitemewa mate na nyoka, swila. Uongo mtupu! Aliyekuwepo ni mimi, Bernardo, na mtu mwingine hakuwepo. Kuandika sijui. Nasema, Bi Marselina anapiga taipu, na akipunguza neno nitajua.

Kipriani anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1987, baada ya miaka ishirini na nane kwenye mabomba ya nyumba za serikali, Nachingwea mpaka Ruangwa. Alikuja kijana mwembamba, suruali kafunga kwa kamba. Leo mkanda wenyewe unaomba likizo kwa lile tumbo. Zahanati, shule, nyumba za walimu, kote kapita. Mabomba yaliyomshinda nilikuwa nayamaliza mimi, lakini leo ni siku yake, tuyaache.

Sasa sikilizeni. Chini ya sinki kuna kipande cha bomba kimepinda kama shingo ya bata. Sisi tunakiita trapu. Maji hubaki humo, yakaziba njia, harufu ya shimo la maji machafu isipande juu. Trapu ikikauka, nyumba inanuka.

Kiangazi cha mwaka themanini na mbili tulikuwa tunakagua nyumba zote. Mabomba yamekauka, kina mama wanachota kisimani, vyombo wanaoshea nje kwenye beseni. Tukafika kwa mwalimu Amiri, mtu wa Tanga. Mwenyewe yuko shule. Mkewe Biasha, binti wa Nanganga, katundika kipande cha khanga chini ya sinki, pazia safi kabisa. Kipriani akasita. Nani atafunua pazia jikoni kwa mke wa mtu, mume hayupo? Harufu kidogo aliisikia, akadhani ni samaki wakavu. Akasema, "Hapa pazuri, mama," tukatoka.

Nyuma ya pazia, trapu imepasuka tumboni, haina hata tone.

Harufu ikazidi. Majirani wakaanza: yule mwanamke mchafu. Mwalimu, badala ya kuwanyamazisha, akawa anafungua madirisha huku anamtazama mkewe. Mwisho akampakia kwenye lori la korosho. "Nenda kwa mama yako akakufundishe usafi."

Mke akaondoka, harufu ikabaki.

Ndipo mwalimu akaja ofisini kwetu, kichwa kainamisha. Safari hii Kipriani akafunua pazia. Alipoiona ile trapu akakaa sakafuni, puu! Nikamwambia, "Inuka bwana, sinki halina matanga." Hakucheka. Tukafunga mpya, tukamwaga ndoo ya maji ya kisima, na kufika alasiri nyumba hainuki kitu.

Kesho yake tukashika baiskeli kwenda Nanganga. Njia nzima nilikanyaga mimi, yeye kakaa kwenye keria kama bibi harusi, trapu mbovu ndani ya gunia. Mbele ya mzee Bwanali, baba yake Biasha, akaishika ile trapu na kuimiminia maji. Yote yakadondoka mchangani.

"Mzee, mchafu ni huyu," akasema. "Na mimi niliyempita bila kumwangalia. Binti yako hana kosa."

Mzee akageuka. "Umesikia, mwanangu? Utarudi kwa mwenzio?"

"Baba, yule ana pua tu, masikio hana," Biasha akajibu. "Kila siku nilimwambia siyo mimi. Sirudi." Halafu akamtazama Kipriani, akatabasamu. "Wewe fundi usiumie. Nimeshakusamehe."

Mwalimu alimfuata mwenyewe, akarudi peke yake. Baadaye akahamishwa.

Tangu siku ile Kipriani hakuacha pazia hata moja bila kulifunua. Ila adabu yake iko palepale: anasimama mbele ya sinki, anapiga hodi, mama mwenye jiko akisema karibu, ndipo anapiga magoti. Nyie mnacheka. Mimi mwenyewe nimecheka sana. Lakini tukipita Nanganga na gari la kazi kwenda Ruangwa, yeye hunyamaza mpaka kijiji kiishe, na mimi, mdomo wote huu, nanyamaza naye.

Asante, Kipriani. Umezifanya nyumba za watu zisinuke, na ofisi itapwaya bila wewe. Nenda kwenu Likunja, magoti yapumzike, mikorosho ikuzalie, na mkeo, mama Felomena, akuone mchana kwa mara ya kwanza. Tunakuombea siku njema zote zilizobaki.

Bi Marselina, na hili uliandike. Lile la Biasha kutabasamu na kusema amesamehe, nimelitia mimi. Kwa Kipriani hakusema neno, aliingia ndani. Miaka yote hii nalisimulia vile mbele yake, na hajanisahihisha hata siku moja.