Atakayeshika Ramani

Waliokuwepo Alhamisi ile mchana, katika chumba cha mbele cha nyumba yao pale Halifax, walikuwa Mzee Wilf Ackroyd kitandani, mwanawe Keith, binti yake Hazel, mtoto wake mchanga amemlalia begani, na Clive Sugden, rafiki wa mzee, ambaye Hazel hakumpenda.

Hakumpenda kwa sababu baba akisikia hatua za Clive mlangoni alijiinua mwenyewe, lakini Hazel akileta supu ilibidi ainuliwe.

Kando ya kitanda palikuwa na ramani ya Ulaya iliyotoka kwenye mchezo wa ubaoni, imegawanywa majimbo. Juu yake mzee aliendesha vita vya zama za Napoleon, Keith na Wafaransa wake, Clive na Warusi. Kila Alhamisi kila mmoja alimnong'oneza mzee, ambaye ndiye mwamuzi, jeshi lake linahamia jimbo gani. Majeshi yakikutana, askari wadogo wa bati wangepangwa mezani na kupigana, na hapo vita vyote vingekwisha.

"Sikilizeni wanangu, nawe Clive," mzee alianza, "wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia. Nyumba iuzeni mgawane sawa, na wewe Keith usimkumbushe dada yako mambo ya harusi yake, yale yameshakwisha. Wafaransa ni wako. Warusi wote, pamoja na farasi wao, ni wa Clive, kwa kuwa amewaongoza vibaya miaka mingi nao wamemvumilia."

Clive akacheka. Wale farasi Hazel ndiye aliyewapaka rangi, alipokuwa msichana mdogo, amekaa magotini pa baba.

"Ramani ni ya Hazel. Kuanzia leo yeye ndiye mwamuzi."

"Mie je, Wilf?" Clive aliuliza. "Huyu hata kucheza hachezi."

"Wewe ungewapendelea Warusi, na bado wangepigwa. Haya, mnong'oneze."

Clive akamwinamia Hazel sikioni. "Warusi wanarudi nyuma jimbo moja, kama wiki zote. Tukipigana vitaisha, naye atakosa cha kungojea."

Keith naye akaja. Wafaransa wake hawakuwa wakienda popote.

Hazel alimtazama Clive akiilowesha midomo ya mzee kwa kitambaa, polepole, kama anayemnawisha mtoto. Wivu ukamchoma kuliko mwanzo. Supu zote zile alizopika, na jambo kama hilo halikumjia akilini hata mara moja.

"Wanadhani sijui," mzee alisema, sauti imepungua. "Hazel, nikishaondoka, atakayekuambia anarudi nyuma mkatalie. Wakutanishe, wapigane, wamalize. Na Clive hana mtu. Mwite Jumapili ale na nyinyi... najua humpendi. Mwite tu. Nileteeni mtoto."

Hazel akamsogeza mtoto. Clive ndiye aliyeuinua mkono wa mzee na kuuweka juu ya kile kichwa kidogo, na Hazel akamwachia afanye hivyo.

"Mungu awatunze... nyote. Awape... kuvumiliana." Akafumba macho. "Sasa niacheni."

Pigano lilifanyika Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, na Warusi walishindwa kabla ya chai.