Jiwe Langu na Sombe ya Mama Zawadi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Muitike kwa nguvu, maana leo nashukuru na kasirani ingali moyoni!

Miye ni Mama Neema wa Katindo, munanijua. Mwaka muzima tumbo lilinikamata hapa chini ya mbavu, upande wa kuume, maumivu yakipanda mpaka begani. Na mara nyingi ilikuwa nikitoka kula kwa jirani yangu Mama Zawadi, sombe yake, yale majani ya muhogo, ya mawese mengi. Basi! Familia yote ikawa dokta. Shemeji yangu akasema, "Ule mama anakupatiaka karuho, sumu ya pole-pole."

Nilikataa, lakini nani alinisikia? Walinipeleka kwa muganga mumoja, njia ya Kalengera, anayetapisha watu sumu. Alininywesha majani machungu mpaka nikamwaga vyote. Akachungulia beseni. "Munaona? Njo hii sumu yenyewe." Ndugu zangu, ilikuwa sombe! Toka siku hiyo watoto wangu wakakatazwa kumusalimia Mama Zawadi. Hata humu kanisani alibaki peke yake kwenye benchi. Munajijua!

Kisha macho yakageuka manjano, homa ikanipanda. Familia wakabishana wanipeleke kwa muganga gani mungine. Mama Zawadi aliingia bila hodi, akanipandisha pikipiki, akanishika kwa nyuma mpaka hospitali. Walinipitisha kwenye ekografi, mashine ya kuona ndani ya tumbo. Dokta akasema, "Mama, uko na jiwe mu mufuko wa nyongo. Mafuta ya chakula njo inaliamusha."

Wakanipasua. Likatoka jiwe kama yai la kuku! Nililia kwa furaha, nikalionyesha kila mutu. Shemeji akalitazama, akauliza, "Sasa ni nani alikuwekea ile jiwe mu tumbo?"

Ee Mungu wangu! Goma hii tunajenga juu ya mawe ya volkano, tunafagia mawe, na bado anatafuta mutu aliyelileta!

Namushukuru Mungu aliyenitoa mautini, na mikono ya madaktari aliyoiongoza. Wewe unayeumwa, mutegemee Yeye, kisha nenda ekografi, si kwa beseni. Na ibada ikiisha, tunakwenda wote kwa Mama Zawadi. Amepika sombe, mawese kidogo kwa ajili yangu. Nitakula wa kwanza, halafu nitageuka nione imani ya nani inaishia mulangoni.

Musiniitikie Amina. Muje mule.